Mwongozo kwa Jirani Anayekwenda Magharibi mwa Rwanda

Kama nia yako ni kupiga picha tatu mbele ya maji, kuzirusha mtandaoni na kurudi Kigali kabla ya chakula cha usiku, baki nyumbani. Nauli utakuwa umeokoa, na watu wa Kivu watakuwa wamepumzika. Mwongozo huu ni wa msafiri wa Afrika Mashariki mwenye Kiswahili chake mdomoni, anayeweza kukaa kwenye basi saa nne bila kununa, na aliye tayari kwenda kwa watu kama jirani. Jirani hubisha hodi, husalimia, hula anachokaribishwa na hachokonoi vidonda vya wenyeji. Mtalii wa picha hayajui hayo, na ndiye nitakayemsema mara kwa mara humu ndani. Akijitambua, avumilie.

Kwanza ujue unakokwenda, maana wengi hawajui. Wapo waungwana wanaofika Karongi wakiulizia gorila. Gorila wako upande wa Musanze, Mkoa wa Kaskazini, na kibali cha kuwatazama kwa saa moja humgharimu mgeni wa mbali dola 1,500. Mkoa wa Magharibi ni mwingine. Umeshika ukingo wote wa mashariki wa Ziwa Kivu, tangu Rubavu kaskazini hadi Rusizi kusini, na una wilaya saba: Rubavu, Nyabihu, Ngororero, Rutsiro, Karongi, Nyamasheke na Rusizi. Uliundwa mwaka 2006, na sehemu yake kubwa ilitokana na mikoa ya zamani ya Gisenyi, Kibuye na Cyangugu. Majina hayo bado yamo midomoni mwa watu. Ukisikia basi la Cyangugu linaitwa na tiketi yako imeandikwa Rusizi, usianzishe ugomvi stendi. Ni basi hilohilo, panda.

Kabla ya kuondoka

Mkenya na Mganda wanaingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano asiiache kabatini. Mifuko ya plastiki achana nayo kabisa. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, miaka mingi kabla ya Kenya (2017) na Tanzania (2019), kwa hiyo mtu anayefika mpakani Rusumo leo na viatu vyake ndani ya rambo hana cha kujitetea. Afungue, akabidhi, aone haya kidogo, aendelee na safari.

Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Wakati wa kwenda kosa hili halikuumizi: utafika stendi mapema na kumkuta mfagiaji peke yake. Linauma wakati wa kurudi. Ukivuka Rusumo na saa ya Kigali mkononi, basi lako la upande wa Tanzania litakuwa limeshaondoka, na utabaki mpakani ukiulizia nyumba ya wageni.

Magari Rwanda hupita kulia. Mtu aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa amezoea kutazama kulia kwanza anapovuka barabara, na shingo yake itafanya hivyo hata akili ikikataa. Tazama kushoto kwanza. Ulizoeze hilo siku ya kwanza, maana pikipiki za Rubavu hazina breki za kusubiri ukumbuke. Pikipiki hubeba abiria mmoja, na abiria huvaa helmeti. Wale wanaopakia mishikaki ya watu watatu na gunia la mkaa juu, hapa watapumzika.

Tazama pia kalenda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji au mtaa. Asubuhi hiyo maduka hufungwa na magari hupungua sana barabarani hadi karibu saa tano, wakati watu wanazibua mitaro, wanapanda miti na kutengeneza njia. Mgeni halazimishwi, lakini akiomba jembe atapewa, na atajua majina ya majirani wa nyumba yake ya wageni kwa asubuhi moja kuliko kwa wiki nzima ya kunywa kahawa barazani. Mtu anayepanga kusafiri asubuhi hiyo na kisha kulalamika kwamba nchi imelala, amelala yeye.

Basi ukilipanda Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali, tulia. Magari ya abiria yamefungwa vidhibiti mwendo, na kilele chake ni kilomita 60 kwa saa. Hakuna dereva wa kumhimiza akanyage mafuta. Barabara ya kwenda Rubavu kupitia Musanze ni kama kilomita 160, na ya kwenda Rusizi kupitia Huye na msitu wa Nyungwe ni ndefu zaidi, ya siku nzima kwa mtu mwenye busara. Kona ni nyingi kupita maelezo. Mwenye tumbo jepesi akae mbele, atafune tangawizi, na asile chipsi mayai dakika tano kabla ya safari. Nasema hili kwa kumhurumia abiria wa kiti cha jirani.

Mezani

Kula ni sehemu ya safari ambayo mtalii wa picha huikosa yote, kwa sababu yeye hutafuta piza. Piza aliiacha kwao. Wewe ingia mkahawani saa saba mchana na uombe melanje.

Melanje ni chakula cha kujipakulia: wali, viazi mbatata, ndizi, maharage, makaroni, isombe (kisamvu), mchicha, wakati mwingine na ugali. Bei ni moja na sheria ni moja. Unapakua mara moja tu, na nyama unapewa kipande chako. Hapo ndipo utakapoona ufundi. Simama nyuma ya karani mwembamba aliyevaa tai na umtazame mikono. Anaanza na maharage chini, anayasawazisha kwa kijiko. Halafu anasimamisha vipande vya viazi vya kukaanga pembeni kuzunguka sahani, vinakuwa ukuta, na sahani inapata kimo. Ndani ya ukuta anashindilia wali, juu ya wali ndizi, juu ya ndizi isombe, na mwisho anaviweka vitu vyepesi, kabichi na karoti. Nyama inakaa kileleni. Anaibeba sahani hiyo hadi mezani bila kuangusha punje, anakaa, anaisafisha yote. Mgeni aliyepakua vijiko vitatu kwa adabu huku akidhani atarudi, huyo atashinda na njaa. Pakua kama mtu aliyelipa.

Pilipili yao ni Akabanga, mafuta ya pilipili katika kichupa kidogo chenye mdomo wa kudondoshea. Ni ya kudondosha kweli. Matone mawili yanatosha sahani nzima. Kila mkahawa una Mtanzania mmoja aliyejitia mjuaji, akakibana kile kichupa kana kwamba ni sosi ya nyanya, na kilio chake kilikuwa cha haki.

Jioni ni zamu ya mishikaki ya mbuzi na viazi vya kuchoma. Agiza mapema, ukae. Saa nzima itapita kabla hujaona kitu, kwa sababu nyama inakatwa na kuchomwa baada ya wewe kusema, na hakuna anayekudharau. Tumia muda huo kuzungumza na watu. Sauti iwe ya chini. Wanyarwanda wengi huongea taratibu, na meza yenye Wabongo wanne wakibishana kuhusu Simba na Yanga husikika hadi ng'ambo ya ziwa. Asubuhi tafuta kibanda cha maziwa, uombe ya moto au ikivuguto, maziwa mgando, pamoja na chapati. Maziwa ya nyanda za Nyabihu na Gishwati hayana mpinzani, na jibini ya huko ununue kipande kizima.

Halafu hili, tafadhali: usile ukitembea. Kutafuna mhindi au ndizi barabarani, jambo la kawaida kabisa Kariakoo, huko ni utovu wa adabu. Kaa chini, ule, unawe, uinuke.

Ziwani

Ziwa Kivu lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 2,700 na kina kinachofikia mita 480 na zaidi, juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,460. Halina mamba wala viboko, kwa hiyo watu huogelea. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini. Volkeno za Virunga zikayaziba njia, ziwa likajaa na kupanda, likapata mlango kusini kupitia Mto Rusizi, ambao humwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Watu wa Kigoma na Bujumbura, maji mnayochota yamo ya Kivu.

Na Kivu wanakula samaki wenu. Ziwa lililofungiwa na volkeno lilikuwa na aina chache za samaki, hasa wa maji ya katikati, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji wakaleta dagaa kutoka Tanganyika. Walistawi kuliko ilivyotarajiwa. Leo wanaitwa sambaza, ndio kitoweo cha pwani yote ya ziwa, na hukaangwa wakakauka, wakaletwa na ndimu na chumvi. Mtu wa Kigoma anayefika Rubavu na kusema hajui sambaza ni nini, amemkana ndugu yake wa damu. Mwagizie sahani mbili.

Ukifanya jambo moja tu katika mkoa huu, nenda ukawaone wavuvi wa sambaza. Machweo yanapokaribia, mitumbwi huondoka pwani ikiwa imefungwa mitatu mitatu sambamba kwa miti, na miti mingine mirefu ya mikaratusi imechomoza mbele na nyuma kushikilia wavu. Wanapiga kasia kwa pamoja na kuimba; mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, na wimbo ndio unaopanga kasia. Usiku huwasha taa kuwaita sambaza juu, kisha wavu unainuliwa kutoka chini yao. Mashua za wageni huondoka Karongi na Rubavu kuwafuata kwa mbali. Vaa sweta, vaa jaketi la kuokolea hata kama unajua kuogelea, na kaa kimya. Watu hawa wako kazini. Mtalii wa picha hupenda kuwamulika kwa simu yenye mwanga mkali wakati wao wanategemea taa zao kuvuta samaki. Ukimwona mtu wa aina hiyo kwenye mashua yenu, mnyang'anye simu kwa upole na umrudishie nchi kavu. Kila mwaka uvuvi hufungwa kwa kipindi ili samaki wazaane. Uliza kabla hujapanga safari, na ukikuta umefungwa, usimshawishi mtu akutoe kinyemela.

Karongi ndipo ziwa lilipo zuri zaidi, kwa maoni yangu. Milima inaingia majini kama vidole, na kati ya vidole kuna ghuba na visiwa vingi. Wafugaji huvusha ng'ombe kwa kuwaogelesha hadi visiwani wakalishe, pembe na pua tu zikionekana juu ya maji. Kisiwa kinachoitwa Napoleon, kwa jinsi kilivyofanana na kofia ya yule Mfaransa, kina popo wa matunda kwa maelfu. Waendesha mashua hupiga makofi ili popo waruke na wewe upate picha. Mwambie wako asifanye hivyo. Popo hulala mchana, na wewe ungeamshwa saa nane usiku kwa makofi ungeita mgambo.

Sasa jambo ambalo wachache hulieleza. Chini ya maji haya mazuri imefungiwa gesi: methani inayokadiriwa kuwa mita za ujazo bilioni 60, na kabonidayoksaidi bilioni 300 hivi. Uzito wa maji ya juu ndio unaoishikilia isipande. Ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno mbele ya Kivu, lilitema gesi yake mwezi Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Kivu huchunguzwa na wataalamu kwa sababu hiyo, na Rwanda inaivuna. Jahazi la chuma la KivuWatt, lililozinduliwa mwaka 2016, linaelea mbali kidogo na pwani ya Karongi. Hunyonya maji ya kina cha mita zaidi ya 300. Maji yakipanda, mgandamizo hupungua na gesi inachemka kutoka kama soda iliyofunguliwa. Methani husafishwa, hupelekwa nchi kavu kwa bomba, na kuzalisha megawati 26 za umeme. Taa ya chumba chako cha kulala huenda imewashwa na ziwa unalolitazama dirishani.

Upande wa kaskazini, hasa karibu na Goma, kabonidayoksaidi hutoka pia ardhini na kutuama mabondeni na kwenye mashimo. Watu wa huko huiita mazuku. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa, na imeshaua mifugo na watu. Mwenyeji akikuambia usilale pale, usipige hema pale, usibishane naye kwa kuwa wewe umesoma. Ondoka.

Sehemu nyingine za ziwa nazipita haraka. Nyamyumba, kusini kidogo ya mji wa Rubavu, kuna chemchemi za maji ya moto ambako watu hukanda viungo. Nenda alasiri, na mlipe mkandaji bei mliyopatana bila kumkopa. Pwani ya Nyamasheke na Rutsiro kuna vituo vya kuoshea kahawa, na msimu wa mavuno, kuanzia Machi hadi kati ya mwaka, utawaona akina mama wakichambua punje moja moja juu ya vitanda vya kukaushia. Kahawa nunua hukohuko. Chai ya Gisovu na Gisakura nayo ni hivyo hivyo. Wakenya wanaiheshimu, kwani mnadani Mombasa chai ya Rwanda mara nyingi huongoza kwa bei.

Bisesero

Hapa masihara yanakoma.

Vilima vya Bisesero viko juu ya Karongi. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, maelfu waliuawa Kibuye mjini, kanisani na katika uwanja wa michezo wa Gatwaro, mahali walipokusanyika wakidhani wamesalimika. Makumi ya maelfu walikimbilia Bisesero. Wakiongozwa na mzee Aminadabu Birara, walipanda juu, wakajipanga, wakapigana kwa mawe, marungu na mikuki dhidi ya watu wenye bunduki na mabomu ya kutupa kwa mkono. Walistahimili kwa wiki nyingi. Shambulio kubwa la Mei 13 na 14 liliwamaliza wengi. Juni 27 askari wa Ufaransa walifika, wakawaona walionusurika, wakaondoka wakiahidi kurudi. Walirudi Juni 30. Katika siku hizo tatu wengi waliokuwa wametoka mafichoni waliuawa. Waliosalia walikuwa takribani elfu moja.

Kumbukumbu ya Bisesero imejengwa kwenye mteremko, na njia yake inapanda kwa kupindapinda. Ukipanda unahema. Kuna nyumba tisa ndogo, moja kwa kila tarafa ya Kibuye ya wakati ule, na ndani mna mabaki ya watu. Mwaka 2023 mahali hapa, pamoja na Nyamata, Murambi na Gisozi, paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Nenda. Vaa nguo za heshima, zima simu, msikilize mwelekezi hadi mwisho. Usipige picha ndani. Usiulize mwelekezi yeye alipoteza nani. Akitaka kusema atasema. Na katika safari yako yote, kwenye basi, mezani, ziwani, usimuulize mtu yeyote kabila lake. Sisi tuliozoea kutaniana Mhaya na Mngoni, Mkikuyu na Mjaluo, twaweza kulitamka swali hilo bila kufikiri. Kule kabila lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho, na mtu aliuawa kizuizini kwa neno hilo moja. Likiteleza hadi ncha ya ulimi, limeze.

Wiki inayoanza Aprili 7 ni ya maombolezo ya taifa. Hakuna disko, hakuna arusi, hakuna muziki wa kelele ufukweni. Kama umepanga kusherehekea siku yako ya kuzaliwa Rubavu katika wiki hiyo, badilisha tarehe, au uje uketi pamoja na waombolezaji.

Msituni

Nyungwe imegawana Mkoa wa Magharibi na wa Kusini, kilomita za mraba 1,019 za msitu wa milimani uliokuwapo tangu kale, nao pia uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2023. Aina 13 za nyani na jamaa zake zimo, pamoja na sokwe, na mbega wanaotembea kwa makundi ya mamia. Tembo wa mwisho aliuawa mwaka 1999 katika kinamasi cha Kamiranzovu. Fikiria hilo unapokitazama kinamasi kile kutoka juu, kijani kitupu.

Mgongo wa msitu huu ndio unaogawa maji ya Afrika. Tone linaloangukia magharibi huenda Kivu, Tanganyika, Kongo hadi Atlantiki. Linaloangukia mashariki huingia Nyabarongo, Kagera, Ziwa Victoria, kisha Misri. Wasafiri waliopanda Mto Nile mwaka 2006 walimalizia safari yao ndani ya Nyungwe, katika chemchemi ya Rukarara, wakasema hapo ndipo mwanzo wa mbali kabisa wa Nile.

Uwinka, humohumo Nyungwe, kuna daraja la kamba za chuma, urefu mita 160 hivi, juu ya korongo kwa mita 70, tangu mwaka 2010. Linayumba. Anayeogopa ashike pande zote mbili na atazame mbele. Anayejitia hodari akaruka ruka katikati ili kuwatisha wenzake, mwelekezi amtoe, nami nitamshangilia. Wa kuwafuata sokwe wataamshwa usiku wa manane. Vaa buti, na suruali uichomeke ndani ya soksi, maana siafu wa Nyungwe hawaheshimu raba nyeupe. Koti la mvua si la kuchagua. Na kama umebaki na siku moja, pitia Gishwati, kaskazini zaidi. Msitu ule ulifyekwa karibu uishe, ukaokolewa kipande kidogo, ukawa sehemu ya hifadhi ya Gishwati-Mukura ya kilomita za mraba 34 tu. Ada yako pale ina maana kuliko mahali pengi.

Mpakani, na mvua

Rubavu na Goma ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Kabla ya vita vya karibuni, kivuko kidogo cha waenda kwa miguu kilipitisha maelfu kwa maelfu kila siku, akina mama na nyanya zao, vijana na magodoro. Tangu Goma ilipotwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025, mambo ya huko hubadilika wakati wowote. Usivuke kwa udadisi. Usipige picha mpakani, wala usiwaulize wakimbizi habari za vita ili upate cha kusimulia nyumbani. Nunua nyanya za mama aliyevuka kuja kuuza, mlipe sawasawa. Kiswahili chake kina ladha ya Kongo, na mtaelewana.

Mvua nazo usizichukulie mchezo. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na Mto Sebeya ulizifagia nyumba za Rubavu. Nenda kati ya Juni na Agosti kama unaweza. Ukienda masika, dereva akisema njia imefungwa, kubali kulala ulipo.

Nimekuelekeza njia, kilichobaki ni chako. Jifunze maneno matatu: mwaramutse asubuhi, mwiriwe mchana na jioni, murakoze wakati wote. Tenga siku saba angalau, uanzie Rubavu, ufuate barabara ya lami ya ukingo wa ziwa hadi Karongi, Nyamasheke na Rusizi, urudi Kigali kupitia Nyungwe. Lala kwenye nyumba za wenyeji, kula wanachokula, na pesa yako iache mikononi mwa wavuvi, wakulima na wapishi. Tiketi hukatwa Nyabugogo, na kiti cha dirishani upande wa ziwa, ukitoka Rubavu kwenda kusini, ni cha kulia.